Simu iliyoongezwa spidi ikagoma kuwaka: kisa cha romu, kerneli na betri

Simu yenyewe na mwenye nayo

Mwenye simu nitamwita Dada na mdogo wake nitamwita Mdogo mtu. Majina yao hayahitajiki hapa, na aina ya simu nimeitoa kwa sababu yaliyotokea yangeweza kutokea kwenye simu yoyote ya Android ya daraja la kati. Wote wawili wameniruhusu niandike.

Simu ilikuwa na miaka minne na ushee. Prosesa ya viini nane, vinne vidogo vya kazi nyepesi na vinne vikubwa vya kazi nzito, hivyo vikubwa kikomo chake cha spidi cha kiwandani ni 2.2 GHz. RAM GB 4, hifadhi GB 64. Mtengenezaji alishaacha kuitolea masasisho. Dada kazi zake anafanyia humo humo, anarekodi, anakata, anaweka maandishi na muziki, anatoa video ya dakika tatu nne na kumtumia mteja, kwa hiyo simu ikizubaa ni kazi yake inasimama, sio kwamba anakosa kuangalia vichekesho.

Lalamiko lake lilikuwa fupi tu: simu imekuwa nzito. Apu zinachelewa kufunguka, kibodi inatokea baada ya muda, na kutoa video kunachukua muda mrefu kuliko zamani. Alimpelekea mdogo wake.

Kilichofanyika kabla sijaitwa

Mdogo mtu sio mbumbumbu, na hili nalisema mapema ili mtu asimfanye yeye ndo chanzo cha kila kitu. Alisoma maelekezo vizuri, akahamishia mafaili ya dada yake kwenye kompyuta, akafungua butiloda (kiprogramu cha kwanza kuwaka, kinachozuia mfumo mgeni usiingie) akijua kabisa kwamba kuifungua kunafuta simu nzima (hiyo imewekwa makusudi, maana bila hivyo mwizi angefungua butiloda akachota kila kilichomo), akaweka rikavari ya TWRP (kimfumo kidogo cha pembeni cha kurekebishia simu), akaweka romu, yani mfumo mzima wa Android usio wa mtengenezaji, ya familia ya LineageOS, akaweka Magisk kupata ruti (mamlaka ya juu kabisa ndani ya simu), alafu juu ya hapo akaweka kerneli (moyo wa mfumo, unaoongoza vifaa kama prosesa) ya watu wengine inayoruhusu viini vikubwa vifike 2.45 GHz. Vyote hivyo jioni moja.

Alafu kwenye apu ya kusimamia kerneli akafanya mambo matatu. Kikomo cha juu akakipandisha mpaka 2457600, hiyo ni kilohezi, ndo 2.45 GHz. Gavana, yani kanuni inayoamua prosesa iende spidi gani, akamweka performance, gavana ambaye kazi yake ni kuacha spidi juu muda wote iwe kuna kazi au hakuna. Na akatiki kile kisanduku cha kwamba mipangilio hii itumike kila simu inapowaka.

Siku za mwanzo Dada alifurahi sana. Apu zinafunguka fasta, kibodi inatokea papo hapo. Baada ya wiki, Mdogo mtu akafuta ile nakala ya mafaili kwenye kompyuta ili apate nafasi, maana simu si inafanya kazi.

Wiki ya pili simu ikaanza kupata moto hata ikiwa mfukoni. Apu ya benki ikakataa kufunguka, ikidai simu sio salama. Akitoa video, mara nyingine simu inazima yenyewe katikati na kuwaka upya. Dada akawa anaiweka chaji muda wote anaofanya kazi kwa sababu alishagundua ikiwa kwenye chaji haizimi sana. Hiyo sentensi ya mwisho ilikuwa ndo jibu zima, aliniambia siku ya kwanza kabisa, na mimi nikaipita.

Usiku ilipogoma

Wiki ya tatu, saa nne usiku, napata ujumbe: "Kaka, simu imestaki kwenye logo, na kesho natakiwa nikabidhi kazi." Dakika mbili baadaye Mdogo mtu naye: "Kaka, nifute data tu niwashe upya? Rikavari inaingia."

Nikamwambia asiguse kitu chochote, anirekodie video ya simu ikiwaka kutoka mwanzo mpaka inapozima. Na hiyo video ndo iliyotusaidia, kwa sababu simu haikuwa imestaki kwenye logo. Logo inapita, skrini ya kufuli inatokea, Dada anaandika PIN, inatokea picha yake ya ukutani na apu zote zimepangika, unahesabu moja mpaka sita au saba, giza. Logo tena. Mtu akiwa na wasiwasi anakuambia "imestaki kwenye logo" kwa sababu logo ndo anayoiona mara nyingi, ila kufia kwenye logo na kufia sekunde saba baada ya PIN ni magonjwa mawili tofauti.

Simu ambayo romu yake imeharibika kwa kawaida haikufikishi kwenye picha yako ya ukutani. Hii ilikuwa inafika salama, alafu kuna kitu kinaamka baada ya PIN na kuiangusha. Kwenye Android za siku hizi apu nyingi haziruhusiwi kuamka mpaka mtu aandike PIN kwa mara ya kwanza, kwa sababu data zao zimefungwa kwa ufunguo unaotegemea hiyo PIN. Apu ya kusimamia kerneli nayo ni apu, inasubiri hapo hapo, alafu inatimiza tiki yake: inapandisha kikomo, inamweka gavana performance, na saa hiyo hiyo apu nyingine zote nazo zinaamka zinataka prosesa. Mzigo wote unadondoka kwa mpigo mmoja.

Data kwanza

Uamuzi wa kwanza ulikuwa hakuna kufuta. Dada hakuwa na nakala yoyote, video ghafi za kesho zilikuwa humo, na kufuta kungetuwashia simu tupu.

Niliwafikia asubuhi mapema nikiwa na kompyuta. Tukaingia TWRP, ikaomba PIN, ikafungua data, tukaanza kuvuta kila kitu kwa adb pull, amri ya kompyuta ya kuchota mafaili kutoka kwenye simu. GB 38, ikachukua zaidi ya saa nzima, na muda wote huo simu haikuzima hata mara moja, jambo ambalo liliniongezea uhakika, maana rikavari inakuja na kerneli yake na hakuna apu ya kuipandishia spidi. Tukachota pia folda ya apu ya kuhariri ili miradi yake isipotee.

Kabla ya kugusa kingine nikachukua nakala ya EFS na persist. Hizi ni sehemu ndogo sana za hifadhi ambazo watu wanazisahau. EFS inabeba mambo ya mtandao ikiwemo IMEI (namba ya utambulisho ya simu yenyewe), persist inabeba vipimo vya sensa, na hazifanani baina ya simu na simu hata zikiwa za aina moja, yani ukizipoteza huwezi kuazima za jirani.

Alafu tukaflash, yani tukaandika moja kwa moja kwenye sehemu ya mfumo, faili moja tu, boot.img ya ile romu yenyewe. Nilichagua njia hii kwa sababu ndani ya boot.img mnakaa kerneli na pia ndo mahali Magisk inapojipachika. Ukirudisha ile ya asili unaondoa vitu viwili kwa mara moja: kerneli ya 2.45 GHz inaondoka, na ruti inaondoka, kwa hiyo hata ile apu ikiamka na tiki yake haina mkono wa kufanya chochote. Data haiguswi.

Simu ikawaka. PIN, picha ya ukutani, tukahesabu mpaka thelathini, ipo. Dada kazi yake alishaanza kuiunga upya kwenye simu ya kuazima kwa zile video ghafi, akaikabidhi nusu siku nyuma ya muda. Mteja alielewa, ila kuchelewa ni kuchelewa.

Romu mpya, na kosa langu

Hapa nilitakiwa nisimame. Simu imewaka, data ipo, tatizo lililobaki ni uzito na moto, tungetulia tukatafuta chanzo. Badala yake nikaona romu yenye Android mpya zaidi ya simu hiyo, nikawaambia kwa kuwa bakapu tunayo basi tuweke hiyo, itakuwa safi zaidi. Ulikuwa uamuzi wa tamaa, na haukuwa na sababu ya kiufundi.

Ikaingia vizuri, ikawaka, ila mtandao hakuna. Laini haisomi, IMEI haionekani, na kwenye taarifa za simu pale pa modemu pameandikwa haijulikani. Mdogo mtu rangi ikambadilika. Mimi kilichonituliza ni ile nakala ya EFS, nilijua hata iweje IMEI haijapotea duniani.

EFS ilikuwa nzima kabisa. Romu mpya ilihitaji fimwea mpya ya modemu (programu ya ndani inayoendesha kifaa cha mtandao) iliyotolewa na mtengenezaji kwenye sasisho lake la mwisho, na hilo limeandikwa kwenye maelezo ya romu, mstari wa nne, mimi nikauruka kwa sababu nimeshaflash simu nyingi. Tukaweka ile fimwea, laini zikasoma. Saa mbili zimeenda.

Mwenye kukutana na hali kama hii asikimbilie kurudisha fimwea ya zamani kwa kubahatisha. Watengenezaji wengine wameweka kinga ya kutorudi nyuma, ukilazimisha toleo la chini ya lile lililokwishaingia simu inaweza kufa kabisa, isiingie rikavari wala fastboot (hali ya kupokea amri kutoka kwenye kompyuta kabla mfumo haujawaka), na hiyo sio kazi ya nyumbani tena.

Inazima bado

Siku mbili baadaye Dada anapiga: "Kaka, imezima tena nikiwa natoa video."

Hii ilinikata maneno. Kerneli ni ya romu, spidi ni ya kiwandani, ruti hakuna, romu ni mpya. Kila kitu tulichokuwa tunakilaumu hakipo.

Romu za familia ya LineageOS zina kipengele kwenye mipangilio ya wasanidi kinachoruhusu adb iwe na mamlaka ya ruti bila apu zozote kuwa nayo, nikakiwasha, nikaunganisha waya, alafu nikawa nasoma faili mbili kila sekunde: voltage_now na temp, zote zipo kwenye folda ya betri chini ya /sys/class/power_supply. Ya kwanza inaandika voltiji kwa sehemu za milioni, ya pili inaandika joto kwa sehemu za kumi za nyuzi, kwa hiyo 412 maana yake nyuzi 41.2. Kwa kuwa waya wa kompyuta nao unachaji, tukahamia adb ya Wi-Fi ili betri ibaki peke yake.

Chaji asilimia 47. Simu imetulia, inasoma 3782000, yani volti 3.78. Dada akabonyeza kutoa video. 3610000. 3544000. 3471000. Inapanda kidogo, inashuka tena. 3398000. 3312000. Kimya. Skrini nyeusi, na asilimia kabla haijazima ilikuwa bado inaonyesha 46.

Tukarudia na chaji ikiwa asilimia 90, ikamaliza video. Tukarudia kwenye chaja, ikamaliza. Tukarudia kwenye 40, ikazima. Hapo ndo ile sentensi ya Dada ya siku ya kwanza ikanirudia, kwamba ikiwa kwenye chaji haizimi sana.

Nikaitoa kava, nikailaza simu mezani chali, mgongo chini, nikaisukuma ukingoni kwa kidole. Ikazunguka kama pia. Simu ya mgongo bapa haizunguki hivyo, inaburuzika. Nikaiinua usawa wa macho kwenye mwanga wa dirisha, mfuniko wa nyuma upande mmoja ulikuwa umeachia kama unene wa ukucha. Betri imevimba.

Tukaizima hapo hapo. Betri iliyovimba haichajiwi, haibonyezwi irudi ndani, haitobolewi, inapelekwa kwa fundi aitoe. Dada alikuwa analala nayo pembeni ya mto ikiwa kwenye chaja kwa wiki kadhaa, na hilo ndo jambo pekee kwenye kisa hiki linalonisumbua mpaka leo.

Kupima spidi baada ya betri mpya

Betri mpya ikaingia, simu ikaacha kuzima. Kila chaji, mpaka asilimia 12, inatoa video bila kukatika.

Mdogo mtu akauliza swali la haki kabisa: sasa kama kosa lilikuwa betri, si tunaweza kurudisha 2.45? Nikasema tupime, ila tupime kwa njia ambayo kila kitu kinafutika simu ikizimwa. Kerneli ile tukaiwasha kwa fastboot boot, amri inayoiwasha simu na kerneli ya muda bila kuiandika popote, ukizima na kuwasha inarudi ya zamani (kuna simu zisizokubali amri hii, hii ilikubali). Vikomo tukawa tunaviandika kwa mkono kwenye scaling_max_freq ya kiini namba 4, ndo kinachoongoza vile vikubwa. Hakuna apu wala tiki.

Video moja ile ile ya dakika nne, mara tatu mfululizo kwa kila kikomo, na kati ya kikomo na kikomo simu inapumzika mpaka ipoe. Kwa kikomo cha kiwandani, 2208000, ya kwanza ilichukua dakika 3 na sekunde 5, ya tatu dakika 3 na sekunde 11. Kwa 2457600 ya kwanza ilikuwa dakika 3 na sekunde 1, ya tatu dakika 3 na sekunde 24. Kwa 1958400, yani tumeishusha chini ya kiwandani, ya kwanza dakika 3 na sekunde 9, ya tatu dakika 3 na sekunde 10.

Mdogo mtu aliangalia zile namba kwa muda. Kwa spidi kubwa umeshinda sekunde nne kwenye video ya kwanza na umepoteza sekunde kumi na tatu kwenye ya tatu, na simu huwezi kuishika vizuri. Tulipoangalia spidi halisi wakati wa ile video ya tatu, viini vikubwa vilikuwa vimeshushwa mpaka 1401600. Kinga ya joto ilishaingia kazini, kikomo kinasema 2.45 lakini kinachotembea ni 1.4.

Ilivyoishia

Prosesa ilibaki kwenye spidi ya kiwandani. Mi binafsi niliipenda ile 1.95, simu ilikuwa ya baridi kabisa na muda ni ule ule, ila kuifanya idumu bila kuandika kila siku kungehitaji ruti, na Dada alisema wazi apu ya benki anaihitaji kila siku. Ya kwake ilifunguka ruti ilipoondoka. Apu nyingine zinakagua mpaka butiloda kupitia mfumo wa Play Integrity wa Google na hazifunguki hata ruti ikiwa hamna, kwa hiyo mtu asichukue kisa hiki kama ahadi.

Hifadhi tuliipunguza mpaka nusu, video zilizokwishakabidhiwa zikahamia kwenye diski ya nje. Hilo peke yake lilirudisha wepesi wa kibodi na apu kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

Uchambuzi: kwanini spidi ilipata sifa isiyo yake

Jioni ile ya kwanza vilibadilika vitu vingi kwa pamoja. Hifadhi ilifutwa ikawa tupu, apu za mtengenezaji zilizokuwa zinakula RAM zikaondoka, romu ikawa nyepesi, alafu na spidi ikapanda. Simu ikawa fasta, na sifa zote zikaenda kwenye spidi kwa sababu ndo kitu cha mwisho kuguswa na ndo chenye namba ya kujivunia. Hifadhi ya simu ikikaribia kujaa uandishi unakuwa wa taabu, mfumo unatafuta nafasi na kufagia kabla ya kuandika, na huo ndo uzito Dada aliokuwa anausikia tangu mwanzo. Angefuta tu video za zamani siku ile, pengine nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Kutoa video nako, programu nyingi za kuhariri zinatumia kifaa maalum cha kusimba video, yani kuibana iwe faili, kilichomo ndani ya chipu, viini vya prosesa vinasaidia pembeni tu. Ndo maana kutoka 1.95 mpaka 2.45 tofauti ya video ya kwanza ilikuwa sekunde nane. Tulikuwa tunaongeza nguvu kwa mfanyakazi ambaye sio yeye anayebeba mzigo.

Na gharama yake sio ndogo. Umeme unaoliwa na prosesa unaenda na spidi mara voltiji mara voltiji tena. Kila spidi kwenye jedwali la kerneli imeoanishwa na voltiji yake, na spidi za juu zinadai voltiji ya juu. Chukua mfano: kutoka 2.2 kwenda 2.45 ni ongezeko la asilimia 11 hivi. Kama voltiji nayo imepandishwa kwa asilimia 8, umeme unapanda kwa karibu asilimia 30. Unalipa thelathini kununua kumi na moja, na hiyo thelathini inatoka kama joto ndani ya boksi lisilo na feni, lililogusana na betri.

Watu wanaokumbuka zamani watasema mbona kupandisha spidi kulikuwa na faida, na wako sahihi. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream ya 2008, prosesa yake iliweza 528 MHz lakini ilitoka ikiwa imebanwa kwenye 384. Kuipandisha kulikuwa ni kurudisha kilichokuwemo tayari, kwa kiini kimoja kilichokuwa kinahemea kila kitu. Chipu za sasa zinatoka kiwandani zikiwa tayari zimesukumwa karibu na mwisho wake.

Uchambuzi: betri

Betri ikizeeka ukinzani wake wa ndani unapanda. Ukiitaka umeme mdogo inatoa vizuri, ukiitaka mwingi kwa ghafla voltiji inaporomoka, na ikishuka chini ya kiwango ambacho simu inakihitaji, simu inazima hata kama asilimia inasoma 46. Asilimia inakuambia kilichobaki ndani, haikuambii betri inaweza kukitoa kwa kasi gani. Desemba 2017 Apple walithibitisha hadharani kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na sababu waliyotoa ndo hii hii, kuzuia simu kuzima ghafla mzigo ukipanda. Yani wenye uzoefu walikuwa wanashusha spidi kuokoa betri iliyochoka, na sisi tulikuwa tunaipandisha.

Joto lilimalizia. Betri ya lithiamu inachakaa haraka ikikaa kwenye moto ikiwa imejaa, na gavana performance pamoja na chaja ya muda wote vilimpa vyote viwili kwa wiki tatu. Siwezi kusema betri ilikuwa nzima kabla ya hapo, simu ya miaka minne inayofanyishwa kazi kila siku betri yake imeshachoka. Ila haikuchukua hata wiki tatu kutoka kuzima mara moja moja mpaka kuinua mfuniko.

Uchambuzi: maamuzi

Kukataa kufuta data usiku ule ulikuwa uamuzi bora wa kisa chote, na kuomba video ya simu ikiwaka ulikuwa wa pili. Kuflash boot.img peke yake kulifanya kazi, ingawa baadaye nilikumbuka kwamba kulikuwa na njia nyepesi zaidi: kuwasha simu kwenye hali salama, ambako apu ulizoweka mwenyewe haziamshwi, alafu kuiondoa ile apu ya kerneli kwa kidole. Ingetuchukua dakika tatu, saa nne ile ile usiku, na Dada angeiwahi asubuhi yake. Nilifikiria kifundi sana nikapita mlango uliokuwa wazi.

Ile tiki ya kutumia mipangilio kila simu inapowaka mimi sasa naiona ndo kosa la Mdogo mtu lenye uzito kuliko spidi yenyewe. Bila tiki, spidi mbaya ikiangusha simu, simu inawaka upya ikiwa imepona, unajua umevuka mpaka unarudi nyuma. Ukiwa na tiki, unairudia ajali kila inapowaka. Ninavyofanya sasa, mpangilio mpya unakaa wiki nzima bila tiki, kwenye kazi halisi za mwenye simu, chaji ikiwa juu na ikiwa chini.

Mimi kosa langu kubwa halikuwa modemu. Lilikuwa kumsikiliza Dada kama mtu wa kunieleza tatizo alafu nikaenda kutafuta jibu kwenye kompyuta, wakati yeye anaishi na hiyo simu saa ishirini na nne na alishagundua kwamba kwenye chaja haizimi. Kuilaza mezani na kuisukuma kwa kidole ni sekunde tano. Siku hizi simu yoyote ikiletwa kwangu kwa ajili ya romu, kabla sijaunganisha waya naitoa kava, naizungusha mezani, naangalia mfuniko dhidi ya mwanga, alafu ndo namuuliza mwenyewe inazima akiwa anafanya nini na chaji ikiwa wapi. Wiki iliyopita moja ilizunguka. Mwenyewe alikuwa amekuja kuomba aongezewe spidi.